Mgongo Usiouma

Alizaliwa kwa kutanguliza miguu. Mkunga aliyempokea alikuwa mama mkubwa wake mwenyewe, dada wa mama yake, mwanamke wa sauti nzito ambaye hakujua kunong'ona hata msibani. Alipoona nyayo mbili ndogo zinatoka kabla ya kichwa, alipiga vigelegele mpaka nyumba ya tatu wakasikia. "Huyu ametangulia na miguu!" alisema. "Huyu ni dawa ya mgongo!" Jina ambalo babu alikuwa amemwekea mjukuu wake likafa palepale. Mtoto akaitwa Tangulia, na Tangulia akabaki mpaka mvi zilipoanza kumchungulia pembeni mwa masikio.

Imani yenyewe haikuwa ngumu. Mtu aliyezaliwa hivyo akikanyaga mgongo unaouma, maumivu hukimbia. Mgonjwa huja asubuhi, kabla hajatia kitu tumboni, hulala kifudifudi mkekani, naye Tangulia hupanda na mguu wa kushoto na kushuka na wa kulia. Kisha mgonjwa anainuka, anajifunga nguo yake vizuri, anakwenda zake. Halipi kitu. Hasemi asante. Hageuki nyuma. Hilo la asante mama mkubwa alilishikilia kuliko yote. "Dawa ukiishukuru umeirudisha kwa mwenyewe," alikuwa akisema, "na ugonjwa nao unarudi kwako. Mwache mtu aende kimya."

Tangulia alianza kazi hiyo kabla hajaota meno yote. Alikuwa akitolewa katikati ya mchezo, anafutwa vumbi nyayoni, anashikwa makwapani na kupandishwa juu ya mgongo wa mtu mzima anayeguna. Akirudi uwanjani anakuta wenzake wameshabadilisha mchezo, na hakuna anayetaka kumweleza sheria za huo mpya.

Alipokua, alijifunza migongo kama watu wengine wanavyojifunza sura. Kuna migongo ya mbao na migongo ya unga uliokandwa. Mgongo wa muuza mkaa ulikuwa na mafundo mawili chini ya mabega, magumu kama kokwa. Wa mwalimu wa kike ulijikunja kushoto, upande wa mkoba. Ungemfunga macho, angekutajia mtu kwa kisigino tu. Lakini sura za watu hao hao, kwa kweli, hakuzijua vizuri, maana barabarani zilikuwa zikigeuzwa upande. Watu walikuwa wameiongezea imani chumvi zao wenyewe: ukimsalimia Tangulia kabla maumivu hayajaisha kabisa, umemshukuru kwa mlango wa nyuma. Kwa hiyo mama aliyekanyagwa asubuhi akimwona anatoka sokoni mchana, alianza kutafuta kitu ndani ya pochi, akakitafuta mpaka Tangulia apite.

Hawakumchukia. Hilo ndilo lililokuwa gumu kumweleza mtu. Walimpisha kwenye foleni ya maji. Misibani walimtengea kiti chake peke yake, kizuri, cha kuegemea, na mikeka yote ya wanawake ikawa mbali nacho kidogo.

Aliwahi kuolewa. Mumewe alikuwa dereva wa lori, mcheshi, mtu wa watu. Mwanzoni alijivunia mke mwenye miguu ya dawa. Baadaye alichoka kuamka kila asubuhi na kukuta mgongo wa mtu asiyemjua umelala sebuleni kwake. "Mimi nilioa mke," alisema, "sikuoa zahanati." Akaenda safari, akaenda nyingine ndefu zaidi, na mwishowe zikaja habari kwamba ana nyumba mahali pengine na watoto wameshaanza kutembea. Tangulia hakuwa amemzalia. Mama yake akafariki, mama mkubwa akafuata, na vile vyumba viwili vyenye ua mdogo wa saruji vikawa vyake, yeye na mkeka.

Mchana alipiga pasi kwa dobi. Dobi, tajiri yake, alikuwa mtu wa maneno machache. Alifua na kuanika, Tangulia akanyoosha. Siku nzima alisimama mbele ya meza yenye blanketi, mvuke ukimpanda usoni, akipitisha pasi juu ya migongo ya mashati. Mara nyingi alijua ni ya nani bila kuangalia alama. Jioni aliloweka miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, akasikiliza redio ya jirani kupitia ukutani, kwa sababu yake ilikuwa imeharibika, naye hakuona haja ya kuitengeneza wakati ile ya jirani ilisikika.

Fundi Saa alikuja kwake mara ya kwanza akitembea kama mtu aliyebeba sinia la mayai kichwani. Alikuwa na kibanda karibu na kituo cha mabasi, cha kioo mbele, alimokaa na lenzi jichoni akibadilisha betri na kufufua saa za ukutani. Alikuwa amefiwa na mke. Binti yake mmoja aliolewa mji mwingine. Siku hiyo alikuwa amenyanyua pipa la maji peke yake na kitu kikamlia "ka!" kiunoni.

Tangulia alimkanyaga. Fundo aliliona mara moja, chini upande wa kulia, akalikalia kwa kisigino mpaka likalegea. Fundi akainuka, akavaa shati, akaenda bila kugeuka, kama inavyotakiwa.

Wiki iliyofuata alirudi. Na iliyofuata. Tangulia hakuuliza kitu, maana mgonjwa haulizwi. Lakini nyayo zake ziliuliza. Lile fundo halikuwapo. Alitafuta chini ya mabega, akatafuta kiunoni, akapita pole pole pembeni mwa uti wa mgongo. Mgongo ulikuwa umetulia kabisa. Aliendelea kupanda na kushuka hivyo kwa muda mrefu, kila wiki akijiambia kwamba labda maumivu ni ya ndani sana, mpaka asubuhi moja akasimama katikati ya mgongo na kusema:

"Fundi, mgongo huu hauumi."

Mzee akageuza kichwa, shavu likabanwa mkekani. Kisha akasema, "Hauumi."

"Tangu lini?"

"Tangu ile siku ya kwanza."

"Sasa unafuata nini hapa?"

"Tangu mama watoto aondoke," akasema, "hakuna mtu anayenigusa. Wateja wananyoosha saa, nawarudishia saa. Hata kinyozi siku hizi ana mashine, anakushika sikio tu. Nikaona huku angalau mtu ananikanyaga." Akacheka, na kicheko chake kikamtikisa Tangulia juu kule alikokuwa, ikambidi ashike ukuta.

Alishuka. Akasahau hata ni mguu gani ulioanza. Fundi akajikusanya, akaketi, akafunga vifungo vya shati akianzia chini kama wazee wanavyofanya.

"Asante," akasema.

Tangulia akageuka. "Umesemaje?"

"Nimesema asante, dada. Si mgongo mzima huu? Hakuna dawa ya kuharibika."

Tangulia alikuwa mtu mzima, mwenye mvi, na hakuna binadamu aliyewahi kumwambia neno hilo kwa ajili ya miguu yake. Hakujua linajibiwaje. Alijua kwa akili kwamba watu husema "si kitu" au "karibu", lakini mdomo haukupata hata moja. Mwishowe akasema, "Umeshakunywa chai?" Naye Fundi, ambaye alikuwa hajatia kitu tumboni kwa ajili ya dawa asiyoihitaji, akasema hapana.

Kuanzia hapo ikawa ndivyo. Anakanyagwa kidogo, mambo ya kawaida tu, halafu wanakunywa chai uani kwenye vibao viwili vya kukalia. Fundi alikuwa na maneno mengi yaliyokosa pa kwenda. Alisimulia mteja aliyeleta saa ya ukutani iliyojaa mende, akasisitiza kwamba juzi ilikuwa inafanya kazi. Tangulia alisimulia shati la bwana mmoja mkubwa mtaani lililokuja kwa dobi likiwa na rangi ya midomo mahali ambapo mke wa mtu hafiki. Alijishangaa anavyocheka. Kicheko chake kilikuwa na mkwaruzo, kama mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi. Fundi aliichukua ile redio mbovu ya Tangulia, akairudisha imetengenezwa, na jirani wa ukutani akagonga kumwomba apunguze sauti.

Lakini ua wa saruji una majirani, na majirani wana macho. Maneno yalipata miguu. Tangulia ameanza kunywa chai na wagonjwa. Tangulia anaambiwa asante, mchana kweupe, na anaipokea. Kama makusudi, wiki ileile mgongo wa muuza mkaa ulimrudia, akashindwa hata kunyanyua debe. Hakusema ni kwa sababu ya magunia. Alisema, "Ile miguu imeshashukuriwa. Imebaki miguu tu."

Mke wa dobi ndiye aliyemfikishia, amesimama mlangoni mwa chumba cha pasi na mikono kiunoni. "Dada yangu, mimi sisemi kitu. Ila watu wanasema."

"Wanasema nini?"

"Kwamba dawa haipo tena."

Tangulia alipitisha pasi kwenye kola. "Na wewe unasemaje?"

"Mimi?" Mke wa dobi akatazama pembeni. "Mgongo wangu hauumi kwa sasa."

Wagonjwa wakapungua, kisha wakakatika. Asubuhi zake zikawa ndefu. Alidhani angefurahi kupumzika. Badala yake aliamka saa ileile, akafagia, akautandika mkeka, akaukunja tena. Kumbe hata ile migongo iliyokwenda bila kugeuka ilikuwa watu. Walikuwa na joto. Sasa alikuwa na mmoja tu, na huyo mmoja akamtosha kwa namna iliyomtia hofu, kama mtu aliyeweka vyombo vyake vyote kwenye rafu moja.

Mvua zilipoisha aliona Fundi anapungua. Shati lilimlegea shingoni. Alisema ni kazi, ni joto, usiku anatoka jasho mpaka shuka linalowa. Kisha asubuhi moja alikuja akitembea tena kama mwenye sinia la mayai, akalala mkekani kwa shida, akasema kwa furaha kidogo, "Leo umepata mgonjwa wa kweli."

Tangulia aliweka mguu wa kushoto, wayo tu, bila uzito. Katikati ya uti wa mgongo palikuwa na kitu ambacho wiki mbili zilizopita hakikuwapo. Kinundu. Pale alipopagusa, Fundi alitoa sauti ambayo hakuwahi kuisikia kwa mtu yeyote aliyemkanyaga maisha yake yote. Akaondoa mguu kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Mbona umeshuka?"

"Fundi, nenda hospitali."

"Hospitali ya nini? Panda tu, litalegea. Si la kwanza lilikuwa hivihivi?"

"La kwanza lilikuwa nyama. Hili limo kwenye mfupa."

"Wewe unajuaje?"

"Sijui," akasema. "Sijui ni nini. Ndiyo maana nakwambia nenda."

Mzee akageuza uso mkekani, akamtazama kwa jicho moja. Lilikuwa jicho la mtoto anayenyimwa. "Nikienda huko watanilaza. Wakinilaza watampigia binti yangu, na binti yangu namjua, atakuja na gari kunichukua mimi na kila nilicho nacho. Nikanyage, Tangulia. Hata kidogo."

Ilikuwa rahisi sana kupanda. Angeweka wayo juu ya mabega, mbali na kinundu, angemlegeza hapa na pale, chai ingechemka, na wiki ijayo ingekuja kama nyingine. Hakuna ambaye angejua. Tangulia akainama, akamshika Fundi mkono, akamwinua kwa mikono yake.

"Miguu yangu haitakugusa tena mpaka daktari aseme," alisema. "Vaa shati."

Alimsindikiza mwenyewe. Walitembea pole pole upande wa kivuli, mzee ameegemea bega lake, na wale waliokuwa wakitafuta vitu kwenye pochi zao siku zote walisahau kutafuta, wakakodoa macho. Walikaa kwenye benchi la hospitali mpaka mchana. Nesi alipouliza, "Wewe ni nani wake?", Tangulia alimtazama Fundi, kisha nesi. "Ni jirani," akasema mwishowe, ingawa nyumba zao hazikuwa jirani.

Ilikuwa kifua kikuu, kile kinachokaa kwenye uti wa mgongo. Dawa zake zipo na mtu hupona, lakini ni za muda mrefu, na mgongo haupaswi kuguswa ovyo. Binti alikuja siku ya pili, na gari, kama alivyotabiriwa. Kabla ya kuondoka alimfuata Tangulia kwa dobi. Alikuwa mwanamke mrefu, na macho ni ya baba yake yale.

"Ni wewe uliyekuwa unamkanyaga baba yangu?"

"Ni mimi."

"Daktari amesema ungeendelea, angepooza. Unajua kupooza wewe? Mtu mzima, unamkanyaga kama zabibu!"

Tangulia aliinua pasi juu ya nguo isije ikaungua. Angeweza kusema ni nani aliyempeleka hospitali. Angeweza kusema mengi kuhusu mgongo usiouma. Lakini hayo yalikuwa ya Fundi, aliyaacha mkekani kwake kwa siri, na haikuwa kazi yake kumtangazia mwanawe kwamba baba yake alikuwa hana wa kumgusa. "Pole, mwanangu," akasema. "Mtunze." Binti akasimama kidogo, kama aliyejiandaa kwa ugomvi na kuukosa, akaondoka.

Kibanda cha kioo kilifungwa, kisha kikachukuliwa na kijana muuza vocha. Saa zilizokuwa hazijachukuliwa na wenyewe zilikwenda asikokujua.

Tangulia aliumwa baada ya hapo. Hakuwa na homa wala kikohozi. Alikuwa mzito tu, kama nguo iliyotolewa majini bila kukamuliwa. Dobi alimwambia apumzike, akapumzika siku moja, ikamshinda, akarudi kwenye pasi. Uani alikaa kwenye kibao kimoja na kile kingine akakiingiza ndani, akakiwekea ndoo juu. Mama mkubwa angekuwa hai angejua mzizi wa kuchemsha. Alikuwa na mzizi wa kila kitu: wa tumbo, wa macho, wa mtoto asiyelala, wa mwanamke aliyeachwa. Lakini sasa Tangulia alipoifikiria ile mizizi yote, alichokumbuka ni mkono wa mama mkubwa ukishika kikombe mdomoni mwa mgonjwa, na mwingine umemshika kisogoni, na yule mgonjwa amefumba macho.

Watu walianza kurudi, mmoja mmoja. Maumivu hayana kiburi. Wa kwanza alikuwa muuza mkaa, kwa shingo upande, akisema kwamba amesikia Tangulia alimwahisha mzee wa watu hospitali, basi huenda miguu imepata akili. Alimlaza mkekani. Siku hizi alianza na mikono, akapapasa uti wote kwa vidole kabla ya kuweka mguu, akauliza: unatoka jasho usiku? unapungua? Ambaye jibu lake halikumpendeza alimrudisha mlangoni na shati lake mkononi, na wengine walinuna. Wengine walikwenda hospitali kweli. Waliobaki aliwakanyaga kama zamani. Wakamaliza, wakainuka, wakaenda. Aliwaambia barabarani wasalimie tu, haidhuru kitu. Wachache walisalimia. Wengi waliendelea na pochi zao.

Fundi alipiga simu alipopata nguvu, kwa simu ya mjukuu. Tangulia alikuwa anakunja mashuka, akaipokea kwa bega.

"Wamenifunga mshipi mgumu mgongoni," Fundi alisema. "Kama kobe. Nakunywa vidonge mpaka mkojo umekuwa wa chungwa."

"Unakula?"

"Wananilisha kama bata. Binti yangu ameniambia ulimwita 'mwanangu'. Amesema hakukujibu vizuri."

"Alinijibu vizuri tu."

"Muongo wewe." Akacheka, na kicheko kikakatika kwa sababu ya mshipi. Kisha akashusha sauti. "Hapa nyumba imejaa, Tangulia. Watoto, wageni, televisheni. Wote wananipenda. Wanapita kwa mbali wasije wakaniumiza."

Tangulia alishika shuka kifuani. Alitaka kumuuliza atarudi lini, na alijua kwamba hatarudi. Mtu wa umri ule akishachukuliwa na mwanawe huwa amechukuliwa. Alitaka kumwambia angekuja kumtembelea, na ni kweli angeweza, basi liko, lakini angekaa kwenye kiti cha wageni, wangemletea soda, na wote wangewatazama.

Kwa upande wa Fundi watoto waligombana, mlango ukabamizwa, mtu akaita chakula kiko tayari. Kwa upande wake hapakuwa na kitu, ila pasi iliyokuwa ikipoa na kutoa mlio mdogo.

"Upo?" Fundi akauliza.

"Nipo."

Hakuna aliyekata. Mzee alihema, yeye akasikiliza, mpaka mjukuu alipokuja kuidai simu yake.